Nani Mtunzi? Picha, Neno na Suala la Utunzi katika Katuni za Jack Kirby

IKISIRI

Makala haya yanachunguza kazi za Jack Kirby (1917–1994), mchoraji wa vitabu vya katuni wa nchini Marekani, kwa nia ya kujibu swali moja: katika matini iliyoundwa kwa picha na maneno kwa pamoja, nani hasa anastahili kuitwa mtunzi? Baada ya kueleza kwa muhtasari maisha ya msanii huyu, makala yanachambua utaratibu wa kazi uliotumika katika kampuni ya Marvel miaka ya 1960, kisha yanatumia vigezo vya kiisimu kupima mchango wa picha na mchango wa neno. Hoja kuu ni kwamba picha ndiyo iliyobeba muundo wa hadithi, ilhali maneno yalibeba rejista na sauti za wahusika. Na kwamba dhana ya Kiswahili ya utunzi inatenganisha mambo ambayo dhana ya uandishi huyachanganya.

1.0 UTANGULIZI

Wanaisimu na wahakiki wa fasihi wana mazoea ya kulitazama neno kuwa ndilo makao ya maana. Pale matini inapokuwa na picha, picha huchukuliwa kuwa pambo au kielelezo cha jambo ambalo neno limekwisha kulisema. Mazoea haya hayana madhara makubwa tunapochambua riwaya yenye michoro michache. Yana madhara makubwa tunapochambua katuni, kwa sababu katika utanzu huu mara nyingi picha haifuati neno, bali hulitangulia.

Katika makala haya, istilahi ya katuni inatumika kwa maana ya hadithi inayosimuliwa kwa mfululizo wa picha zilizopangwa katika visanduku, pamoja na maneno yaliyomo ndani ya viputo na maelezo ya msimulizi. Will Eisner, katika kitabu chake Comics and Sequential Art (1985), aliieleza kazi hii kuwa ni sanaa ya mfuatano. Scott McCloud, katika Understanding Comics (1993), alionyesha kwamba sehemu kubwa ya maana huzaliwa katika nafasi tupu iliyo baina ya kisanduku na kisanduku, ambapo msomaji hulazimika kuunganisha mambo mwenyewe. Neil Cohn alikwenda mbali zaidi: katika The Visual Language of Comics (2013) anashikilia kuwa mfuatano wa picha una sarufi yake. Tukikubaliana nao, swali linalofuata haliepukiki: anayeipanga sarufi hiyo tumwiteje?

Kiswahili kinatupa pa kuanzia. Lugha hii hutofautisha mwandishi na mtunzi. Mwandishi ni mwenye kuandika. Mtunzi ni mwenye kutunga. Kitenzi cha kutunga hutumika kwa shanga zinazopitishwa katika uzi, kwa samaki wanaofungwa mtungo, na pia kwa mimba inayoanza kuumbika. Katika matumizi yote haya zimo dhana mbili: kuunganisha vitu vilivyokuwa mbalimbali, na kuanzisha uhai wa kitu. Kuandika si sharti la kutunga. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakumbuka na kuyaandika kwa ajili ya W. E. Taylor, lakini hakuna mtaalamu anayemwita Sikujua mtunzi wa mashairi hayo. Hadhi yake ni kubwa, ila ni hadhi ya aina nyingine.

Jack Kirby amechaguliwa kwa sababu katika kazi zake tofauti hii haikubaki suala la nadharia. Iliamua nani atatajwa, nani atalipwa, na nani atapoteza haki yake.

2.0 MAISHA NA KAZI ZA KIRBY KWA MUHTASARI

Jack Kirby alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 katika mtaa wa Lower East Side, jijini New York, akapewa jina la Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka katika himaya ya Austria, na baba yake alifanya kazi katika viwanda vya nguo. Katikati ya miaka ya 1930 alipata kazi katika studio ya Fleischer, iliyotengeneza filamu za katuni za Popeye. Huko alichora picha za katikati, yaani zile zinazounganisha mkao mmoja wa mhusika na mkao unaofuata. Ni vigumu kufikiria shule bora zaidi ya kumfundisha mtu sarufi ya mwendo.

Pamoja na Joe Simon alibuni Captain America. Toleo la kwanza lilikuwa na tarehe ya Machi 1941, lakini lilianza kuuzwa Desemba 1940, takriban mwaka mmoja kabla ya Marekani kuingia vitani. Jalada lake lilimwonyesha shujaa huyo akimpiga Hitler ngumi ya uso. Mwaka 1943 Kirby mwenyewe aliitwa jeshini, na mwaka uliofuata alipigana nchini Ufaransa akiwa askari wa miguu, hadi miguu yake ilipoathiriwa vibaya na baridi. Baada ya vita, mwaka 1947, yeye na Simon walianzisha Young Romance, gazeti lililofungua njia ya katuni za mapenzi.

Katikati ya miaka ya 1950 biashara ya katuni iliporomoka. Kitabu cha Fredric Wertham, Seduction of the Innocent (1954), kilidai kuwa katuni zinawaharibu vijana. Kamati ndogo ya Seneti ilifanya vikao mwaka huohuo, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za udhibiti. Kampuni ambayo Simon na Kirby walikuwa wameianzisha haikudumu. Mwaka 1958 Kirby alirudi kufanya kazi na kampuni iliyokuja kuitwa Marvel, akilipwa kwa kila ukurasa.

Kuanzia hapo ulifuata mlipuko wa ubunifu. Fantastic Four ilitoka ikiwa na tarehe ya Novemba 1961, Hulk na Thor mwaka 1962, X-Men na Avengers mwaka 1963. Kirby alichora matoleo 102 ya Fantastic Four mfululizo. Mwaka 1970 alihamia kampuni ya DC, ambako aliandika, kuchora na kuhariri mfululizo unaojulikana kama Fourth World. Alirejea Marvel katikati ya muongo huo, akatoa The Eternals (1976) miongoni mwa kazi nyingine, kisha akaondoka kabisa mwaka 1978 na kufanya kazi katika filamu za katuni za televisheni. Alifariki tarehe 6 Februari 1994 huko Thousand Oaks, California.

3.0 UTARATIBU WA KAZI: NENO LILILOFUATA PICHA

Katika miaka ya 1960 Marvel ilikuwa na magazeti mengi na waandishi wachache. Stan Lee, aliyekuwa mhariri na mwandishi mkuu, hakuweza kuandaa mswada kamili wa kila toleo. Ukazuka utaratibu uliokuja kujulikana kama mtindo wa Marvel, ambao hatua zake zilikuwa zifuatazo:

(a) Mhariri na mchoraji walizungumza juu ya hadithi, au mchoraji alipewa muhtasari mfupi.
(b) Mchoraji aliigawa hadithi katika kurasa na visanduku, akaamua nani aingie lini, tukio gani lirefushwe na lipi lifupishwe, kisha akachora kurasa zote kwa penseli.
(c) Mhariri alizipokea kurasa hizo na kuzijaza maneno.
(d) Mwandika herufi na mtia wino walikamilisha kazi.

Katika kurasa za asili za Kirby, hasa kuanzia katikati ya miaka ya 1960, pembezoni mna maelezo kwa mwandiko wake mwenyewe yanayoeleza kinachotendeka katika kila kisanduku na wakati mwingine kinachosemwa. Lee aliandika maneno ya viputo akiwa na maelezo hayo mbele yake. Mara nyingine aliyafuata. Mara nyingine aliyaacha na kuupa mwendo wa wahusika sababu tofauti. Aidha, upo muhtasari wa Lee wa toleo la kwanza la Fantastic Four, unaotukumbusha kuwa wazo la mwanzo halikutoka daima upande mmoja.

Hata hivyo, msomaji aliyenunua toleo dukani alikuta, mara nyingi, Lee ametajwa kuwa ndiye mwandishi na Kirby kuwa ndiye mchoraji. Maelezo hayo mafupi yalizua dhana kwamba mmoja alifikiri na mwingine akatekeleza. Mkanganyiko wote uliofuata ulianzia katika neno hilo moja, mwandishi.

4.0 UCHAMBUZI

4.1 Kigezo cha ufutaji na kigezo cha kifungo

Katika sintaksia, tunapotaka kujua kipashio kipi ni cha lazima katika kirai, hukifuta na kuangalia kama muundo umesimama. Tuchukue matoleo namba 48 hadi 50 ya Fantastic Four (1966), ambamo Galactus, kiumbe anayekula sayari, anafika duniani akitanguliwa na mjumbe wake, Silver Surfer.

Tukifuta maneno yote, bado tunaona kiumbe mwenye mwili unaong'aa akipita baina ya nyota juu ya ubao. Tunaona jitu ambalo kando yake binadamu ni kama sisimizi. Tunaona mtambo ukiunganishwa juu ya paa la jengo. Tunaona mjumbe akikutana na mwanamke kipofu, kisha akimgeukia bwana wake. Tunachokosa ni majina, na sababu zisizo na umbo, kwa mfano silaha inayomtisha Galactus ina uwezo gani. Tukifuta picha zote na kubakiza maneno, tunabaki na mfululizo wa vilio, vitisho na viashiria. Maneno yenye maana ya yule, pale, hicho na tazama yanakosa marejeleo, kwani marejeleo yake yako ndani ya mchoro. Muundo unaanguka.

Inaweza kupingwa kuwa ufutaji ni kigezo kikali mno, kwa kuwa hakuna aliyekusudia katuni hizo zisomwe bila maneno. Basi tuongeze kigezo cha pili: nani alifungwa na nani? Mfasiri wa riwaya hufungwa na maneno ya mwandishi wa kwanza. Katika mtindo wa Marvel, mjazaji wa viputo alifungwa na picha. Aliweza kuamua kwamba adui anaingia chumbani kwa hasira au kwa hila. Hakuweza kuamua kwamba haingii. Anayemfunga mwenzake kwa namna hiyo ndiye aliyepitisha uzi.

Silver Surfer mwenyewe ni ushahidi wa hili. Lee alikiri mara kadhaa kwamba katika mazungumzo yao hapakuwa na mhusika huyo. Alimkuta katika kurasa zilizochorwa. Kirby aliona kuwa kiumbe mkubwa kama Galactus hawezi kukosa mjumbe wa kumtangulia. Lakini mwaka 1968, mhusika huyo alipopewa gazeti lake, liliandikwa na Lee na kuchorwa na John Buscema. Asili na wasifu wa mhusika vilisimuliwa bila aliyemleta duniani.

4.2 Mchango wa neno: rejista

Haki inadai tuseme pia kile ambacho maneno yalifanya. Mchango mkubwa wa Lee ulikuwa katika isimujamii ya wahusika. Ben Grimm, mtu aliyegeuka kuwa jabali, alisema Kiingereza cha vichochoro vya New York. Thor, mungu wa kaskazini ya Ulaya, baada ya matoleo ya awali alipewa Kiingereza cha kale chenye viwakilishi na viambishi vilivyokwisha kutoweka katika usemi wa kawaida. Silver Surfer alisema kwa ufasaha wa huzuni, kama mtu anayehutubia nyota. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulielewa jambo hili akimfikiria mwandishi anayempa mungu wa hadithi yake Kiamu cha tenzi kongwe, na kumpa rafiki wa mungu huyo lugha ya vijana wa stendi ya mabasi, wote katika ukurasa mmoja. Mgongano huo wa rejista ulizaa ucheshi na ukaribu ambao picha peke yake isingeuzaa.

Kwa hiyo Lee hakuwa Sikujua. Alifanya zaidi ya kuhifadhi. Lakini hata sauti hizo zilipandwa juu ya miili iliyokwisha kupewa mkao, uzito na tabia. Ben Grimm alitoka katika mtaa wa kubuni wa Yancy, uliofinyangwa kutokana na Delancey, mtaa halisi wa utotoni mwa Kirby.

4.3 Kirby akiwa na neno lake: majazi katika Fourth World

Mwaka 1970 ulileta nafasi adimu kwa mtafiti: msanii yuleyule, safari hii akiwa na picha na maneno mkononi mwake. Katika The New Gods, The Forever People na Mister Miracle, zote zilizoanza mwaka 1971, Kirby alisimulia vita baina ya sayari mbili, New Genesis na Apokolips. Majina hayo, kwa Kiswahili cha Biblia, ni Mwanzo Mpya na Ufunuo: kitabu cha kwanza na kitabu cha mwisho vimewekwa kupigana. Tahajia ya Apokolips imevurugwa makusudi, kama vile jina la mtawala wake, Darkseid, ambalo likitamkwa humaanisha upande wa giza, lakini likiandikwa lina sura ya Kijerumani. Tukumbuke kuwa mchoraji huyu alipigana na jeshi la Hitler.

Hapa Kirby anatumia mbinu ambayo wahakiki wetu huiita majazi, ila mara nyingi huipindua iwe kinaya. Granny Goodness, yaani Bibi Wema, anaendesha kituo cha yatima ambamo watoto hugeuzwa askari kwa mateso. Mtoto mmojawapo amepewa jina la Scott Free, kutokana na msemo wa Kiingereza wenye maana ya kuponyoka bila kuadhibiwa. Alipewa kwa kejeli, lakini akaligeuza kejeli hiyo kuwa kweli alipotoroka na kuwa bingwa wa kujinasua. Glorious Godfrey anawashawishi watu kwa hotuba tamu wasalimishe utashi wao. Anachokitafuta Darkseid ni kanuni ya Anti-Life, yaani uwezo wa kutawala hiari ya kila kiumbe. Kwa Kirby, basi, uovu wa mwisho ni kuzima hiari ya mwingine, na chombo chake cha kwanza ni lugha.

Katika toleo la sita la Mister Miracle (1972) anatokea mhusika aitwaye Funky Flashman, mtu mwenye maneno mengi anayeishi kwa jasho la wengine. Wasomaji wengi walimtambua mara moja kuwa ni dhihaka juu ya Stan Lee. Dhihaka hiyo ina ukali uliopita kiasi, lakini kwa uchambuzi wetu ina thamani: msanii wa picha anatoa hukumu yake juu ya mtu wa maneno, naye anaitoa kwa maneno.

Ni kweli kwamba mazungumzo ya Fourth World yana kasoro. Wahusika hutangaza badala ya kuzungumza; alama za mshangao zimejaa; msomaji huwatofautisha wahusika kwa sura kuliko kwa sauti. Hii inathibitisha kwamba rejista ndiyo iliyoondoka Kirby alipoachana na Lee. Muundo haukuondoka. Magazeti ya The New Gods na The Forever People yalisimamishwa mwaka 1972 kabla hadithi haijafika mwisho, lakini Darkseid aliendelea kutumiwa na DC kwa miongo mingi baadaye.

4.4 Wakanda: jina lisilo na sarufi, picha yenye hoja

Mfano mmoja unatuhusu kwa karibu. Katika toleo namba 52 la Fantastic Four (Julai 1966) alitokea Black Panther, mfalme T'Challa wa nchi ya kubuni ya Kiafrika iitwayo Wakanda. Alikuwa shujaa wa kwanza mweusi mwenye uwezo usio wa kawaida katika katuni za kampuni kubwa za Marekani. Kwa sikio la mzungumzaji wa Kiswahili, jina la nchi hiyo halijakaa sawa: kiambishi wa- ni cha watu, na nchi yao ingetarajiwa kuchukua u-, kama ilivyo kwa Waganda na Uganda. Jina linasikika kuwa la Kibantu, lakini halina sarufi ya Kibantu ndani yake.

Picha, kwa upande mwingine, ilikuwa na hoja. Kirby alichora msitu ambao miti na mizizi yake ni mitambo. Msomaji wa Marekani aliyetarajia pori la kawaida la hadithi za Kiafrika alikutana na teknolojia iliyozidi ile ya wageni wanaofika. Hoja hiyo imo katika mchoro kabla ya kuwamo katika kiputo chochote. Lugha halisi ya Kibantu ilikuja nusu karne baadaye: katika filamu ya Captain America: Civil War (2016) mwigizaji John Kani alitumia isiXhosa, na filamu ya Black Panther (2018) ikaendeleza uamuzi huo.

5.0 UTUNZI MBELE YA SHERIA

Katika miaka ya 1980 Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao za asili. Kirby alitakiwa kutia saini hati ndefu na yenye masharti magumu kuliko ile waliyopewa wenzake. Baada ya mvutano wa miaka kadhaa, ambao wasanii wengi walimuunga mkono hadharani, mwaka 1987 alipata takriban kurasa 2,000 miongoni mwa zaidi ya 10,000 alizokuwa ameichorea kampuni hiyo.

Mwaka 2009 warithi wake walitoa hati za kudai hakimiliki ya kazi zilizochapishwa kati ya 1958 na 1963. Mahakama iliamua dhidi yao mwaka 2011, na mahakama ya rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2013. Msingi wa hukumu ulikuwa kwamba, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1909 iliyohusika, kazi hizo zilifanywa kwa agizo na kwa gharama ya mchapishaji. Warithi walikata shauri kwenda Mahakama Kuu ya nchi, lakini tarehe 26 Septemba 2014, kabla Mahakama hiyo haijaamua kama italisikiliza, pande mbili zilipatana. Baada ya hapo jina la Kirby lilianza kutajwa katika matoleo ya Marvel kwa namna isiyokuwako awali.

Yafaa tuone kile ambacho mahakama haikukiuliza. Haikuuliza nani alitunga. Iliuliza nani aliagiza na nani alilipa. Kwa hiyo tuna dhana tatu, si mbili: mtunzi, mwandishi na mmiliki. Katika historia hii dhana ya pili ilitumika kumfunika wa kwanza machoni pa wasomaji, na ya tatu ikamfunika mbele ya sheria. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kirby alipewa sehemu ya haki yake akiwa kaburini miaka ishirini.

6.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika kazi alizozifanya Kirby kwa mtindo wa Marvel, mfuatano wa picha ndio uliokuwa muundo wa lazima, na maneno yalikuwa kijalizi chenye thamani kubwa. Kwa hiyo Kirby anastahili kuitwa mtunzi kwa maana kamili ya neno hilo, na Lee anastahili kuitwa mtunzi mwenza wa sauti za wahusika. Kumwita Kirby mchoraji tu ni kukosea uainishaji.

Matokeo haya yanagusa utafiti wetu wenyewe. Mwanafunzi anayechunguza lugha ya katuni za Kiswahili hushawishika kuyanakili maneno ya viputo, kuyapanga katika jedwali, na kuyachambua kana kwamba ni mazungumzo yaliyorekodiwa. Akifanya hivyo, viashiria hupoteza marejeleo, kinaya hupotea, na jina la msanii huishia katika shukrani. Inapendekezwa kwamba data ya katuni ikusanywe kwa kurasa nzima, kwamba mpangilio wa visanduku uchambuliwe kama sehemu ya matini, na kwamba katika kila kazi mtafiti aanze kwa kuuliza ni nini kilitangulia, picha au neno. Jibu la swali hilo litaelekeza nani atajwe kuwa mtunzi.